Seli za Kinga, Uwezo wa Kushika Mimba na Miezi ya Kwanza ya Ujauzito: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Ukurasa huu umeandikwa kwa ajili ya wanawake na wanaume wanaotafuta mtoto, waliopoteza mimba, au walioambiwa kliniki kwamba kinga ya mwili wa mama inashambulia mimba. Kauli hiyo ya mwisho ndiyo iliyofanya baadhi ya majibu yawe marefu, kwa sababu mara nyingi hutolewa bila maelezo na kufuatwa na orodha ya vipimo na dawa za gharama kubwa. Majibu haya hayachukui nafasi ya daktari anayekufahamu wewe na historia yako.

Seli za kinga ni zipi, na zinafanya nini katika mfuko wa uzazi?

Seli za kinga ni chembechembe nyeupe za damu pamoja na zile za jamii hiyo zinazoishi ndani ya viungo. Zinazohusika zaidi na uzazi ni neutrofili, makrofeji, seli za dendriti na limfositi, na limfositi zenyewe zimegawanyika katika seli T, seli B na seli zinazojulikana kwa herufi NK, kifupi cha Kiingereza «natural killer», yaani muuaji wa asili. Shuleni tulifundishwa kwamba kazi yake ni kupambana na vijidudu, jambo ambalo ni kweli, lakini seli hizo hizo husafisha tishu zilizokufa, hufunga vidonda na kuchochea mishipa mipya ya damu iote.

Katika mfuko wa uzazi kazi hizi zote huonekana kila mwezi. Yai likishatoka kwenye ovari, homoni ya projesteroni huunenepesha utando wa ndani wa mfuko wa uzazi, na idadi ya seli za NK ndani ya utando huo huongezeka sana. Mimba isipotunga, projesteroni hushuka, neutrofili huingia kwa wingi, utando humeng'enyuka na kutoka kama hedhi, kisha makrofeji husafisha mabaki na utando hupona bila kuacha kovu. Mimba ikitunga, mpangilio hubadilika: katika miezi mitatu ya kwanza, takriban asilimia 70 ya seli za kinga zilizomo kwenye utando huo ni seli za NK, makrofeji huwa karibu asilimia 20, na sehemu kubwa ya zilizobaki ni seli T. Seli B huwa chache mno.

Kwa nini mwili wa mama haumkatai mtoto, ilhali nusu ya jeni zake ni za baba?

Mgonjwa akipandikizwa figo isiyolingana naye na asipewe dawa za kushusha kinga, seli T zake huitambua figo hiyo kuwa ngeni na kuiharibu. Mtoto tumboni naye ana protini zilizorithiwa kwa baba, ambazo mwili wa mama haujawahi kuzimiliki, na hata hivyo hukaa humo miezi tisa. Mwanasayansi Mwingereza Peter Medawar, ambaye baadaye alipata tuzo ya Nobel ya mwaka 1960, aliliuliza swali hili waziwazi mwaka 1953 na kupendekeza majibu matatu: kwamba mama na mtoto wametenganishwa kimaumbile, kwamba mtoto bado hajakomaa kiasi cha kutambuliwa na kinga, au kwamba kinga ya mama imelegea wakati wa ujauzito.

Miaka iliyofuata ilionyesha kwamba jibu la kwanza lina ukweli wa sehemu tu, na mengine mawili hayakusimama. Damu ya mama na ya mtoto kwa kawaida hazichanganyiki, lakini seli za nje za kiinitete, zinazoitwa trofoblasti, hugusana moja kwa moja na seli za mama. Zile zinazooshwa na damu ya mama kwenye kondo la nyuma hazibebi kabisa protini za utambulisho ziitwazo HLA, kwa hiyo seli T hazina cha kushika. Zile zinazopenya ndani ya ukuta wa mfuko wa uzazi huficha HLA-A na HLA-B, ambazo ndizo husababisha ugomvi mkubwa katika upandikizaji wa viungo, na badala yake huonyesha HLA-C, HLA-E na HLA-G, ambazo huzungumza zaidi na seli za NK. Zaidi ya hayo, majaribio kwa panya yaliyochapishwa mwaka 2012 yalionyesha kwamba utando wa mimba huzima jeni za kemikali zinazowaita limfositi T, hivyo hata zile zilizokwisha kuchokozwa hushindwa kukusanyika mahali pa hatari.

Kwa hiyo hakuna ukuta mmoja unaomlinda mtoto. Kuna mipango kadhaa inayofanya kazi kwa pamoja, na mmoja ukiyumba mingine huendelea.

Nimesikia kuhusu «seli za kuua» ndani ya mfuko wa uzazi. Zinaweza kumuua mtoto wangu?

Hofu hii imewagharimu wanawake wengi usingizi na fedha. Seli za NK zilipewa jina la kuua kwa sababu ya zile za kwenye damu, ambazo huharibu seli zilizoingiliwa na virusi na baadhi ya seli za saratani. Zile za mfuko wa uzazi ni kundi tofauti kwa alama zinazobeba, kwa kemikali zinazotoa na kwa tabia. Zina chembe za sumu ndani yake, lakini mara chache sana huzitumia dhidi ya seli za mimba. Mwaka 2018 watafiti walichapisha ramani ya seli takriban 70,000, mojamoja, kutoka kwenye kondo na utando wa mimba za miezi mitatu ya kwanza, na waliainisha aina tatu za seli za NK katika utando huo, zote zikiwa na dalili za kuhusiana na trofoblasti kwa mazungumzo ya kemikali zaidi kuliko kwa mashambulizi.

Kazi yake kubwa inahusu damu. Ukuta wa mfuko wa uzazi una ateri nyembamba zilizojisokota, zenye misuli, ambazo mwilini pa mwanamke asiye na mimba zinaweza kubana na kufunguka. Mtoto anayekua hawezi kutegemea mishipa ya namna hiyo. Katika wiki za mwanzo seli za NK na makrofeji hukusanyika kuzunguka ateri hizo na kutoa kemikali zinazolegeza misuli yake. Kisha trofoblasti hufika, huondoa misuli iliyobaki na kuchukua nafasi yake. Ateri hubadilika kuwa mfereji mpana usioweza kubana, na damu huingia kwenye kondo kwa wingi lakini kwa utaratibu. Mtafiti Anne Croy wa Kanada alionyesha kwamba panya wasio na seli za NK hushindwa kuzibadilisha ateri hizi ipasavyo. Baada ya nusu ya kwanza ya ujauzito, kazi hiyo inapokuwa imekamilika, idadi ya seli za NK katika utando hupungua sana.

Je, kinga ikifanya kazi yake vibaya mwanzoni, madhara yake yanaweza kuonekana baadaye?

Ndiyo, na mfano unaoeleweka zaidi ni priklampsia, yaani shinikizo la damu linalojitokeza baada ya wiki ya 20 pamoja na protini kwenye mkojo au dalili za viungo kuathirika, ambalo lisipodhibitiwa linaweza kuishia katika kifafa cha mimba. Ugonjwa huonekana mwishoni, lakini katika sura zake kali mbegu yake hupandwa katika wiki za mwanzo, pale ateri zinapobaki nyembamba na kondo kukosa damu ya kutosha.

Katika suala hili Afrika Mashariki si msikilizaji tu. Seli za NK za mama zina vipokezi viitwavyo KIR, vinavyotofautiana sana kati ya mtu na mtu, na vipokezi hivyo husoma HLA-C ya mtoto, ambayo nusu yake hutoka kwa baba na huja katika makundi mawili, C1 na C2. Utafiti uliofanywa Uingereza na kundi la Ashley Moffett wa Cambridge, uliochapishwa mwaka 2004, ulionyesha kwamba mama mwenye jeni za KIR za aina iitwayo AA, ambazo kwa sehemu kubwa hutuma ishara za kuzuia, huwa katika hatari kubwa zaidi ya priklampsia anapobeba mtoto mwenye C2. Seli zake za NK huzuiwa mno, na kazi ya kuandaa ateri hubaki nusu.

Swali lililofuata lilikuwa kama jambo hilo ni kweli kwa Waafrika, ambao kundi la C2 ni la kawaida zaidi kwao kuliko kwa Wazungu na ambao huugua priklampsia kwa wingi. Daktari Annettee Nakimuli wa Chuo Kikuu cha Makerere, akifanya kazi na wanawake waliojifungua katika Hospitali ya Mulago jijini Kampala, alilijibu pamoja na wenzake katika utafiti uliochapishwa mwaka 2015. Hatari ilikuwa ile ile, KIR AA kwa mama na C2 kwa mtoto, lakini kinga dhidi yake haikuwa ile ile. Kwa wanawake wa Ulaya mlinzi alikuwa jeni iitwayo KIR2DS1. Kwa wanawake wa Uganda ulinzi ulihusishwa na eneo jingine la jeni lenye KIR2DS5 ya aina inayopatikana kwa Waafrika na isiyopatikana kwa Wazungu. Kwa maoni yangu huu ni ushahidi mzuri wa kwa nini tafiti za uzazi haziwezi kufanyika Ulaya peke yake kisha zikasambazwa duniani kama zilivyo.

Utafiti mwingine umeonyesha kwamba ishara za kuchochea zikiwa nyingi, mtoto huelekea kuwa na uzito mkubwa. Mtoto mkubwa mno naye huleta uchungu pingamizi, kwa hiyo asili haikuchagua upande mmoja.

Kipimo cha KIR hakihitajiki katika kliniki ya kawaida ya wajawazito, kwa kuwa hakibadilishi matibabu. Linalobadilisha ni kupima shinikizo la damu kila hudhurio, na kwa mama aliye katika hatari kubwa, kupewa aspirini ya dozi ndogo, ambayo Shirika la Afya Duniani hupendekeza ianzwe kabla ya wiki ya 20, pamoja na kalsiamu pale ambapo chakula kina upungufu wake.

Seli T dhibiti ni zipi?

Ni seli T ambazo kazi yake ni kuwatuliza wenzake. Bila hizo mwili hujishambulia wenyewe, na ugunduzi wake ndio uliowapa Shimon Sakaguchi, Mary Brunkow na Fred Ramsdell tuzo ya Nobel ya tiba ya mwaka 2025. Katika uzazi umuhimu wake ulidhihirika mwaka 2004, pale panya waliokosa seli hizi walipopoteza mimba zilizokuwa na jeni za baba tofauti, huku mimba za baba anayefanana nao kijeni zikisalimika. Mwaka 2012 ikaonyeshwa kwamba panya akishazaa, baadhi ya seli T dhibiti zilizofunzwa na mimba hiyo hubaki kama kumbukumbu na kuongezeka haraka katika mimba inayofuata.

Kwa nini priklampsia hutokea zaidi katika mimba ya kwanza? Je, manii ya baba yana uhusiano wowote?

Kumbukumbu hiyo ya kinga ni sehemu ya maelezo ya mimba ya kwanza. Sehemu nyingine inahusu manii. Majimaji yanayobeba mbegu za kiume yana kemikali, hasa TGF-beta na prostaglandini, ambazo huwaita seli za kinga kwenye mlango wa kizazi na kuzielekeza kutengeneza seli T dhibiti zinazozitambua protini za baba kabla kiinitete hakijafika. Kazi nyingi katika eneo hili zimefanywa na Sarah Robertson wa Adelaide, Australia. Hili linaendana na uchunguzi kwamba priklampsia hujitokeza zaidi pale mimba inapotungwa baada ya muda mfupi sana wa wawili hao kuwa pamoja. Hata hivyo, mimba zinazotungwa maabara bila kukutana na manii kabisa hufanikiwa kila siku, kwa hiyo mtu asilichukulie jambo hili kama sharti, wala lisitumike kumlaumu mke au mume mpya.

Je, ni kweli kwamba mimba kujipachika kunahitaji uchochezi wa kinga, yaani hali ya kuvimba na kuwaka kama ya kidonda?

Kwa kiwango fulani, ndiyo. Kiinitete hujipachika siku 6 hadi 10 hivi baada ya yai kutoka, na wakati huo utando hujaa kemikali za uchochezi zinazofanana na zile za kidonda kinachopona. Mojawapo ni LIF: mwaka 1992 ilionyeshwa kwamba panya wa kike wasio nayo hutungisha mayai mazuri ambayo hayajipachiki kamwe, ingawa mayai hayo hayo yakihamishiwa kwa panya mwingine hukua. Seli za dendriti nazo zikiondolewa kwa panya, kujipachika huvurugika. Baada ya hapo hali hutulia kwa miezi mingi, na uchochezi hurudi karibu na kujifungua.

Kutokana na wazo hilo, kliniki nyingi duniani zilianza kuukwaruza utando wa mfuko wa uzazi kabla ya kurudisha kiinitete, zikitumaini kwamba kidonda kidogo kitasaidia. Jaribio kubwa lililochapishwa mwaka 2019, lenye wanawake 1,364, halikuona faida yoyote katika idadi ya watoto waliozaliwa hai. Ukitozwa fedha kwa huduma hiyo leo, una haki ya kuuliza kwa nini.

Mirija yangu imeziba. Hilo nalo linahusiana na seli za kinga?

Linahusiana sana, na katika nchi zetu huenda ndilo swali lenye uzito kuliko yote yaliyomo humu. Kuziba kwa mirija kutokana na maambukizi ni chanzo kikubwa cha ugumba Afrika kusini mwa Sahara, na magonjwa ya zinaa ya klamidia na kisonono ndiyo yanayoongoza. Klamidia huweza kukaa mwilini miezi mingi bila dalili yoyote. Kinachoharibu mirija si bakteria peke yake: neutrofili na seli T zinazojaribu kuwaondoa bakteria hao huharibu vinyweleo vinavyolisukuma yai, na uponyaji unaofuata huacha makovu. Kila maambukizi mapya huongeza kovu. Ndiyo maana antibayotiki zikichelewa huua bakteria lakini haziwezi kuirudisha mirija katika hali yake ya awali.

Kifua kikuu nacho huweza kuingia kwenye mirija na utando wa mfuko wa uzazi, ambako makrofeji na seli T huyazunguka maambukizi kwa vinundu vinavyoharibu tishu. Mwanamke anaweza asikohoe kabisa na asijue lolote hadi anapotafuta mtoto. Anayepata hedhi kidogo mno au iliyokatika, na aliyewahi kuishi na mgonjwa wa kifua kikuu, amtajie daktari jambo hilo.

Malaria huiathirije mimba kupitia kinga?

Mwanamke aliyekulia Kisumu, Tanga au Kigoma kwa kawaida huwa ameshajenga kinga kubwa dhidi ya malaria kabla ya kuolewa, kisha hushangaa kuugua anapopata mimba ya kwanza. Sababu ni kwamba kondo la nyuma humpa kimelea mahali papya pa kujishikiza. Mwaka 1996 Michal Fried na Patrick Duffy, wakitumia sampuli kutoka magharibi mwa Kenya, walionyesha kwamba vimelea vya kwenye kondo hushika molekuli iitwayo kondroitini salfeti A, ambayo vimelea wengine hawaishiki. Protini wanayoitumia, VAR2CSA, ni ngeni kwa kinga ya mama wa mimba ya kwanza, ambaye hana kingamwili, yaani protini za kinga zinazomlenga adui maalumu, dhidi yake. Makrofeji hukusanyika ndani ya kondo kupambana, hutoa kemikali za uchochezi, na upitishaji wa chakula kwa mtoto hupungua. Matokeo yake ni upungufu wa damu kwa mama na mtoto mwenye uzito mdogo. Kingamwili hujengeka mimba kwa mimba, na hatari hupungua.

Chandarua chenye dawa hutumika tangu siku ya kwanza. Vidonge vya SP vya kuzuia malaria hutolewa kliniki kuanzia wiki ya 13, angalau dozi tatu zilizoachana mwezi mmoja mmoja, isipokuwa kwa mama mwenye VVU anayetumia kotrimoksazoli, ambaye hapewi SP juu yake.

Je, ujauzito hushusha kinga ya mwili?

Hubadilisha mkazo wake kuliko kuishusha. Mjamzito hujibu chanjo vizuri na hupambana na maambukizi mengi kama kawaida, lakini mafua makali, malaria na homa ya ini aina ya E humwelemea zaidi. Wanaoishi na VVU wajue pia kwamba hesabu ya CD4, yaani seli T zinazoshambuliwa na VVU, huweza kushuka wakati wa ujauzito kwa sababu tu maji ya damu yameongezeka, ilhali asilimia ya CD4 haijabadilika sana. Kushuka huko peke yake si ishara kwamba dawa zimeshindwa. Wingi wa virusi ndio wa kufuatiliwa.

Nimepoteza mimba zaidi ya mara moja. Tatizo ni kinga yangu?

Inawezekana, lakini si jambo la kwanza la kudhani. Takriban asilimia 15 ya mimba zinazotambuliwa huharibika, na karibu nusu ya zinazoharibika mapema huwa na hitilafu ya kromosomu iliyotokea kwa bahati mbaya wakati yai au mbegu inatengenezwa au inapoungana. Hakuna kazi nzito, ugomvi wa nyumbani wala chakula kinachosababisha hitilafu hiyo.

Ugonjwa wa kinga ulio wazi, wenye kipimo na wenye tiba, ni ule wa kingamwili dhidi ya fosfolipidi. Hapa seli B hutengeneza kingamwili zinazoshika kuta za seli, huchochea damu kuganda na pia huwasumbua trofoblasti moja kwa moja. Vipimo vyake hufanyika katika maabara kubwa za rufaa, na matokeo ya mara moja hayatoshi: lazima yarudiwe baada ya wiki 12 au zaidi, kwa kuwa maambukizi ya kawaida huweza kuzifanya kingamwili hizo zionekane kwa muda. Tiba ni aspirini ya dozi ndogo pamoja na sindano za heparini wakati wa ujauzito. Mbali na hapo, daktari ataangalia tezi ya shingo, kisukari na umbo la mfuko wa uzazi, na pengine kromosomu za wazazi wote wawili.

Nimeshauriwa kupima seli za NK kwenye damu na kupewa steroidi au dripu ya kutuliza kinga. Nikubali?

Kipimo kwanza. Seli za NK kwenye damu ni takriban asilimia 5 hadi 15 ya limfositi, na hupanda na kushuka kwa mazoezi, msongo wa mawazo na hata saa ya siku. Kama ilivyoelezwa hapo juu, si kundi lile linaloishi kwenye mfuko wa uzazi. Kuzihesabu kwenye mkono ili kujua yanayotendeka kwenye utando wa mimba hakuna msingi wa kutosha, na mwongozo wa Ulaya wa madaktari wa uzazi kuhusu mimba zinazoharibika mara kwa mara haukipendekezi kama uchunguzi wa kawaida.

Sasa dawa. Steroidi iitwayo prednisoni ilijaribiwa nchini China kwa wanawake 715 ambao viinitete vyao vilishindwa kujipachika mara kwa mara. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2023 yalionyesha kwamba waliozaa watoto hai walikuwa asilimia 37.8 kati ya waliopewa dawa na 38.8 kati ya waliopewa kidonge kisicho na dawa, huku waliotumia steroidi wakionyesha dalili ya kujifungua kabla ya wakati zaidi. Dripu ya mafuta ya soya na viini vya mayai, ambayo ilitengenezwa kwa ajili ya kuwalisha wagonjwa wasioweza kula, haijathibitishwa na mwongozo huo haiipendekezi. Kingamwili zilizokusanywa kutoka kwa wachangiaji damu ni ghali mno. Mwongozo huo unaziruhusu zifikiriwe tu kwa dozi kubwa, mapema sana, kwa mwanamke aliyepoteza mimba nne au zaidi bila sababu kujulikana. Kuchomwa sindano ya limfositi za mume kulikuwa maarufu zamani, lakini jaribio lililochapishwa mwaka 1999 halikuonyesha faida na lilidokeza madhara, na mamlaka ya dawa ya Marekani iliizuia nje ya utafiti. Mamlaka inayosimamia huduma za uzazi Uingereza imeviweka vipimo na tiba za kinga katika daraja jekundu, yaani la tahadhari kubwa zaidi.

Ukirejea maelezo kuhusu ateri na LIF utaona hatari ya kimantiki iliyopo. Mimba changa inazihitaji seli hizi zifanye kazi. Kuzinyamazisha zote kwa dawa kali, bila kujua ni ipi iliyokosea, kunaweza kuharibu kile kile kinachotafutwa. Muulize daktari maswali mawili: kipimo hiki kitabadilisha nini katika matibabu yangu, na dawa hii imeongeza watoto wanaozaliwa hai katika jaribio lenye kundi la kulinganishia? Asiyekuwa na jibu asikuuzie dripu.

Je, nitumie virutubisho vya kuongeza kinga?

Hakuna haja. Unga wa mlonge, tangawizi na vitunguu saumu kwenye chakula havina tatizo, lakini dawa za mitishamba zilizokolezwa na vidonge visivyosajiliwa viepukwe mimba inapotafutwa. Foliki asidi, mikrogramu 400 kwa siku kabla ya mimba na katika miezi mitatu ya kwanza, inahitajika kwa ajili ya ubongo na uti wa mgongo wa mtoto.

Chanjo zinaweza kuzifundisha seli za kinga kuzuia mimba?

Swali hili lilivuma Kenya mwaka 2014, pale maaskofu Wakatoliki walipodai kwamba chanjo ya pepopunda iliyotolewa kwa wanawake ilikuwa na hCG, homoni inayoilinda mimba changa. Wizara ya Afya, Shirika la Afya Duniani na UNICEF walikanusha. Inafaa kujua kwamba chanjo ya hCG iliwahi kutengenezwa kweli, kwa uwazi na kwa kusudi la uzazi wa mpango, na mwanasayansi G. P. Talwar wa India, ambaye alichapisha matokeo yake mwaka 1994: ilihitaji dozi kadhaa zilizotengenezwa mahususi, na kingamwili zilishuka zenyewe bila nyongeza, wanawake wakarudia uwezo wa kushika mimba. Chanjo ya kawaida ya pepopunda hulenga sumu ya bakteria wa pepopunda, na kingamwili zake hupita kwenye kondo na kumlinda mtoto mchanga dhidi ya ugonjwa ulioua watoto wengi waliokatwa kitovu kwa vifaa vichafu.

Na kwa wanaume?

Mbegu za kiume huanza kutengenezwa wakati wa balehe, baada ya kinga kuwa imeshajifunza kitu kipi ni cha mwili na kipi si chake, kwa hiyo seli za korodani hujenga kizuizi kinachozitenga na damu. Jeraha, maambukizi au kufunga uzazi huweza kukivunja, na mwili ukatengeneza kingamwili zinazozinasa mbegu. Mume apimwe mapema, sambamba na mke, si baada ya mke kumaliza vipimo vyote.

Kundi langu la damu ni Rh hasi. Lina maana gani?

Mtoto akiwa na Rh chanya na damu yake ikaingia kwako, seli zako B zinaweza kutengeneza kingamwili zitakazoshambulia damu ya mtoto wa mimba inayofuata. Sindano ya anti-D huzuia hilo, na inapaswa kutolewa ndani ya saa 72 baada ya kujifungua mtoto wa Rh chanya. Kama mimba imeharibika au kuna damu inayotoka, umri wa mimba ndio utakaoamua kama unaihitaji, kwa hiyo mweleze mhudumu kundi lako siku hiyo hiyo.

Nina lupasi au baridi yabisi ya kinga. Naweza kuzaa?

Wengi huzaa salama. Baridi yabisi ya kinga mara nyingi hupata nafuu wakati wa ujauzito na kurudi baada ya kujifungua, ilhali lupasi inaweza kupamba moto, hasa ikiwa mimba imetungwa wakati ugonjwa haujatulia. Ushauri wa kawaida ni kusubiri angalau miezi sita ya utulivu. Hidroksiklorokwini huendelezwa, na azathioprini inaweza kuendelea pia. Methotreksati na mikofenolati humdhuru mtoto na lazima zibadilishwe kabla ya kutafuta mimba. Usiache dawa yoyote ghafla kwa sababu kipimo cha mimba kimeonyesha mistari miwili: piga simu kliniki siku hiyo hiyo, taja kila dawa unayotumia na kiwango chake, na uombe kuonana na daktari wa magonjwa ya kinga pamoja na wa uzazi.